Bata Wawili Kwenye Theluji

Isaburo hakupiga hodi. Alikohoa mara moja nje ya mlango, akakung'uta theluji kwenye viatu vyake vya mbao, kisha akangoja kuitwa, ingawa alikuwa akiingia na kutoka katika nyumba ile tangu anaanza kuota ndevu. Oritsu akajikuta anatabasamu kabla hajakumbuka kujizuia.

"Pita, shemeji. Unatuingizia baridi."

Mlango ukasogezwa. Isaburo, rafiki wa utotoni wa mumewe, aliinama akaingia, mwanamume mrefu mwenye mabega mapana ya mchonga mbao na vidole vilivyojaa makovu madogo meupe. Mkononi alibeba kitu bapa kilichofungwa kwa kitambaa cha bluu. Akaketi mahali pake pa siku zote, mbali kidogo na meza ya kuchapia, pale ambapo mtu hata akinyoosha mkono hamfikii aliyekaa mezani.

"Ubao wa mwisho wa picha ya bata," alisema. "Rangi ya chungwa. Mabawa ya dume."

Oritsu alijifuta mikono, akaufungua ule mzigo. Mti wa mcheri ulikuwa bado unanukia. Akaupitisha ubao kwenye mwanga wa dirisha, akaona unyoya mmoja mmoja ulivyochongwa, mwembamba kama unywele, na kila mmoja umeinuka kidogo kana kwamba upepo umeupitia. Alipitisha kidole chake taratibu juu ya mabawa yale, kisha akainua macho. Isaburo alikuwa akikiangalia kidole kile.

Wote wawili wakatazama pembeni.

"Umejiumiza macho kwa kazi hii," Oritsu alisema.

"Macho ni yangu."

"Bwana Hisagoya atafurahi. Jana alikuja hapa akasema oda za picha zimejaa dukani kwake. Kila mwenye harusi mwaka mpya huu anaitaka."

"Na alisema tena lile neno lake?"

Oritsu akacheka kidogo, kicheko kisichokuwa na furaha. "Alisema. Alileta na rafiki zake wanichungulie mlangoni. 'Ndiye huyo, bata jike wa Kanda. Miaka sita anamngoja mume wake. Picha hizi za uaminifu zimechapwa na mikono ya uaminifu wenyewe.' Nikainama kama mjinga. Mama akawapa chai."

Ndivyo ilivyokuwa. Katika mtaa wote wa Kanda, mjini Edo, na sasa mpaka ng'ambo ya mto, Oritsu alikuwa amekuwa hadithi. Mume wake, Naosuke, alikuwa mchapaji kama marehemu baba yake. Aliondoka kwenda Osaka kumsaidia mjomba wake mwenye duka la miamvuli, akasema atarudi maua ya mplamu yakichanua. Mplamu ulichanua, ukapukutika, ukachanua tena. Baba mkwe akafa akiliita jina la mwanawe. Oritsu, aliyekuwa amejifunza kazi kwa kumtazama mzee yule, akakaa kwenye meza ya kuchapia akaishika karakana, yeye na mama mkwe wake, Otatsu. Wachumba walikuja kupitia kwa washenga, akawarudisha. Watu wakaanza kumwita kwa jina la wale ndege wa bwawani ambao dume na jike, wanavyoamini watu, hawaachani mpaka kufa. Mwanzoni jina lile lilimpa joto. Siku hizi lilikuwa kama nguo ya mtu mwingine aliyovalishwa, asijue aivulie wapi.

"Unajua," Isaburo alisema, "kabla sijaanza kuchonga nilikwenda bwawani kuwaangalia hao bata. Nimewaangalia majira matatu."

"Ehe?"

"Dume hubadilisha jike kila mwaka."

Oritsu alimkazia macho, kisha akaangua kicheko, safari hii cha kweli, mpaka akaziba mdomo kwa mkono na kujipaka rangi ya bluu ya kuchapia kidevuni. "Acha uongo wako!"

"Naapa. Jike akishataga tu, bwana huyo hayupo."

"Usimwambie Hisagoya. Atakufa."

"Nani atanunua picha hiyo? Watu wanataka msonobari usiokauka kwenye theluji, wanataka korongo, wanataka bata. Tangu utoto nachonga uaminifu wa miti na ndege. Hakuna hata siku moja mtu ameniagiza nichonge uaminifu wa binadamu." Akaangalia ile bluu kidevuni mwa Oritsu, mkono wake ukainuka kidogo kutoka gotini, ukarudi. "Nakwenda Osaka, shemeji."

"Lini?"

"Kesho asubuhi."

Theluji iliteleza kutoka paani ikaanguka uani kwa kishindo kizito. Oritsu aliuweka ubao chini kwa uangalifu, akaunyoosha ukae sawa na mbao nyingine, ingawa ulikuwa umekaa sawa.

"Kwa muda gani?"

"Kuna karakana kubwa imeniita. Sidhani kama nitarudi."

Kabla Oritsu hajapata la kusema, pazia la jikoni likafunuliwa, Otatsu akatoka na trei ya chai. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye ulimi mkali, ambaye masikio yake mtaa mzima uliyaogopa.

"Osaka!" alisema. "Mji wa wenye maduka. Huko hata salamu wanauza. Utapata mke mnene akufundishe kuhesabu, Isaburo. Umri wako umeshakuacha nyuma, mwanangu, umebaki kuzunguka nyumba za watu kama paka."

"Nakuja kuleta mbao, mama."

"Mbao hata kijakazi analeta." Otatsu akamkabidhi kikombe, akamtazama usoni kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kulikuwa na kitu katika kutazamana kule ambacho Oritsu alikiona, asikielewe. "Kunywa upate joto, kisha uende ukafunge mizigo yako. Mimi nakimbilia tofu ya supu kabla hajapita yule muuzaji. Oritsu, acha mlango wazi kidogo. Moshi."

Hakukuwa na moshi. Wote watatu walijua. Otatsu akajifunika kichwa kwa kitambaa, akatoka.

Wakabaki wakisikiliza viatu vyake vikififia uchochoroni.

"Oritsu," Isaburo alisema.

Hakumwita shemeji. Katika miaka yote ile ilikuwa mara ya kwanza, na jina lake mwenyewe likamgonga kifuani kama la mtu aliyekuwa amemsahau.

"Usiseme," alijibu kwa sauti ndogo.

"Nisiposema leo nitasema lini? Twende wote. Kazi yako Osaka wataigombania. Sitakugusa mpaka uniambie. Nataka tu kuwa kwenye chumba unachofanyia kazi, na mlango ufungwe."

Oritsu alifumba macho. Ni mara ngapi alikuwa ameyasikia maneno haya akilini mwake, alfajiri, akiloweka karatasi kwa brashi na vidole vimekufa ganzi? Mara ngapi alikuwa amejikaripia? Alipofumbua macho yalikuwa yamelowa, lakini sauti haikutetemeka.

"Mimi ni mke wa mtu. Unajua mke anayetoroka na mwanamume wanamfanya nini. Na mwanamume naye. Vichwa vyote viwili, Isaburo."

"Najua."

"Na hata kama sheria isingekuwapo. Huyu mama nimwache na nani? Na Naosuke je? Kama anaumwa? Kama amefungwa mahali, anasema mke wangu ananingoja, ndilo linalomfanya aamke asubuhi?" Akajisogeza mbele, uso ukamng'aa ghafla kwa wazo. "Lakini wewe unakwenda. Mtafute! Wewe ni rafiki yake, mlilelewa pamoja, utamtambua hata akiwa amezeeka. Chukua nakala ya kwanza ya picha hii. Ukimpata, mpe. Ataelewa. Mwambie..."

Alikuwa amemtazama Isaburo usoni. Mtu anayeishi kwa kutazama mistari myembamba kuliko unywele hujifunza kuona, na Oritsu aliona jinsi damu ilivyomtoka mwanamume yule mashavuni, jinsi macho yake yalivyokimbilia mlangoni, yakarudi, yakaanguka kwenye mkeka.

"Umeshamwona," alisema.

Isaburo alikiweka kikombe chini.

"Isaburo. Umeshamwona?"

"Majira ya joto ya mwaka juzi," alisema hatimaye, kama mtu anayetema kitu. "Nilipokwenda kununua patasi. Anauza miamvuli karibu na daraja. Ni mzima. Amenenepa."

"Mzima."

"Ana mke. Wana watoto wawili, wa kike. Alilia aliponiona. Aliniangukia miguuni mbele ya watu, akaniapisha kwa jina la marehemu baba yake nisiseme kitu. Tulikunywa maji ya kisima kimoja mimi na yule mtu, Oritsu. Nikaapa."

Nje, jirani alikuwa akimwita mtoto aje avae soksi. Ilimshangaza Oritsu kwamba mambo ya namna hiyo yalikuwa yakiendelea.

"Mwaka juzi," alisema. "Ukarudi hapa. Ukaketi hapo ulipoketi. Ukanywa chai. Baridi ilipoingia ukaniona nikimshonea koti la pamba, nikakuuliza kama mabega yake bado ni mapana kama yako. Ukasema nini?"

"Nilisema ndiyo."

"Ulisema ndiyo."

"Ningekuambia, ungesema nataka kukupata kwa kumchafua rafiki yangu. Hata mimi ningejisemea hivyo. Kila nikitaka kufungua mdomo, naona ni kwa faida yangu. Nikaufunga."

"Na leo umeufungua kwa faida ya nani?"

Lilikuwa pigo, likampata. Isaburo akainamisha kichwa. Wakati huohuo mlango ukasogezwa mpaka mwisho na Otatsu akaingia, ameshika bakuli lenye tofu ikielea ndani ya maji. Alimwangalia mmoja, akamwangalia mwingine.

"Mama," Oritsu alisema, bado amemgeukia Isaburo, akikumbuka jinsi wawili wale walivyotazamana wakati wa chai. "Wajukuu wako wanaitwa nani?"

Maji yakamwagika kwenye ukingo wa bakuli, yakachirizika mkononi mwa mwanamke yule hadi kwenye mkono wa kimono. Hakuyafuta. Akashuka taratibu akaketi palepale penye kizingiti, viatu bado mguuni.

"Wa kwanza sijui," alisema. "Wa pili amepewa jina langu."

"Nani alikwambia?"

"Huyu. Jioni ileile aliyorudi. Aliniambia mimi kwanza kwa sababu mimi ni mama." Otatsu aliweka bakuli chini. "Nami nikampigia magoti. Nikamwambia ukisema, ataondoka. Atakwenda kwao, na ana haki. Nitabaki na nani? Mume kaburini, mtoto kanitupa. Wewe ndiye unayenisugua mgongo nikiumwa. Wewe ndiye unayejua naipenda supu yenye chumvi. Nilimzaa mmoja akanikimbia, nikapewa mwingine bure. Ningemfukuza kwa mdomo wangu mwenyewe?"

"Ungeniomba nibaki."

"Ungebaki?"

Oritsu hakujua. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote: walikuwa wamemnyima nafasi ya kujua.

"Kila mmoja wenu amekuwa mwaminifu," alisema polepole. "Wewe kwa rafiki yako. Wewe mama kwa mwanao. Hata Naosuke, nadhani, ni mwaminifu kwa mke wake huko. Na mimi nimekuwa mwaminifu kwenu wote. Sasa niambieni. Katika nyumba hii, nani alikuwa mwaminifu kwangu?"

Isaburo alijongea kwanza. Aliinama mpaka paji la uso likagusa mkeka, akakaa hivyo kwa muda, mgongo wake mpana ukipanda na kushuka. Kisha akatoka, akausahau mwavuli wake pale mlangoni, theluji ikimwangukia kichwani.

Jioni Otatsu alipakua chakula kama kila siku: bakuli lake, bakuli la Oritsu, na bakuli la tatu mbele ya mto mtupu wa kukalia, kwa ajili ya aliye safarini asije akashikwa na njaa huko aliko. Miaka sita hawakukosa hata mlo mmoja. Alipogutuka mkono wake ulikuwa umeshaliweka.

Oritsu alikula wali wake wote. Kisha akanyoosha mkono, akalichukua bakuli la Naosuke, akaula na wali wake, na figili ya chumvi, na supu, bila haraka, mpaka punje ya mwisho.

"Una njaa, mwanangu?" Otatsu aliuliza kwa woga.

"Nina njaa ya miaka sita, mama."

Mwanamke yule akajiziba uso kwa mikono yote miwili. Baada ya muda Oritsu alimsogelea, akamwekea kiganja mgongoni, pale panapomuuma siku zote. Alikuwa bado na hasira. Hasira ile na mkono ule vilikaa pamoja, na hakuna kilichokiondoa kingine.

Kulipoanza kupambazuka alifunga kamba za viatu vya majani, akajitanda shali, akatoka. Barabara ya kuelekea daraja la Nihonbashi, zinakoanzia safari za Osaka, ilikuwa nyeupe tupu. Watu wachache walipita wameinama, wamejikunyata ndani ya nguo zao, na pumzi ya kila mmoja ilikwenda mbele yake peke yake. Kwenye daraja wasafiri walikuwa wakiagana. Mama mmoja alikuwa akimfungia kijana wake kofia ya majani, akiifungua, akiifunga tena.

Isaburo alikuwa amesimama penye nguzo ya mwanzo wa daraja na furushi la patasi begani. Hakuwa na wa kumuaga. Alipomwona, uso wake ulifunguka kama mlango, na Oritsu ilibidi aangalie mto ili aweze kusema aliyokuja kuyasema.

"Sikuja na mzigo," alisema haraka. "Usiangalie nyuma yangu. Hakuna mzigo."

Uso ule ukajifunga tena. "Basi umekuja kunitukana. Nastahili."

"Nimekuja kukutuma. Nenda kule Osaka, kwa yule muuza miamvuli wa darajani. Mwambie mke wake wa Edo anajua, na hamlaani. Mwambie aandike hati ya talaka. Ni mistari mitatu na nusu tu, hata kama amesahau kushika brashi anaweza. Aandike kwamba ananiacha na kwamba naweza kwenda kwa yeyote nitakayependa. Aitie muhuri. Bila karatasi hiyo mimi si mke wala si mjane wala si msichana. Mimi ni picha tu ya kupamba harusi za watu."

"Nitamfanya aandike. Nitaileta mkono kwa mkono. Oritsu, naapa mbele ya..."

"Usiape!" Alisema kwa nguvu hata yule mama aliyekuwa akimfungia kijana wake kofia akageuka. Akashusha sauti. "Usiniapie. Nimechoka na viapo vya wanaume wanaokwenda Osaka. Ukiipata, mpe mpeleka barua. Au ilete mwenyewe. Vyovyote."

"Nikiileta mwenyewe? Nikirudi?"

Upepo ulivuma kutoka mtoni. Theluji ilimkaa Isaburo kwenye nyusi, na Oritsu, kabla hajajizuia, alinyoosha mkono akaifuta kwa kidole gumba. Ngozi yake ilikuwa ya moto. Ilikuwa mara ya kwanza kumgusa, mtu ambaye kila mstari aliouchonga alikuwa ameupitia kwa vidole.

"Ukirudi ukanikuta," Oritsu alisema, "utakohoa mlangoni, nami nitaona kama nakuita uingie. Lakini sikungojei, Isaburo. Nataka ulijue hilo ukiwa njiani. Sitahesabu majira. Sitakuwekea bakuli. Siku nitakayotaka kwenda mahali nitakwenda, na siku nitakayotaka kucheka na mtu nitacheka naye. Ukikuta nimeondoka, usiseme nilikusaliti."

"Sitasema."

"Unanipenda hata hivyo?"

"Hata hivyo."

"Basi nenda. Wenzako wameshavuka."

Aliinama. Naye akainama. Isaburo akapandisha furushi begani, akaingia katika msururu wa kofia za majani.

Miaka sita iliyopita, siku aliyoondoka Naosuke, Oritsu alisimama mahali palepale akikodoa macho mpaka kofia ya mwisho ikazama upande wa pili, na hata hapo aliendelea kusimama, mpaka muuza samaki mmoja akamwomba ampishe. Leo alihesabu moyoni pumzi chache tu. Isaburo alikuwa bado hajafika katikati ya daraja, na alijua kwamba akifika pale kwenye mwinuko atageuka kumtafuta.

Akageuka yeye kwanza.

Soko la samaki lilikuwa limeshaamka. Wanaume walipita mbio na mabeseni vichwani, wakipiga kelele watu wapishe njia. Machozi yalikuwa yakimtiririka, akayaacha. Hapa hakuna aliyemjua. Hakuna aliyemwita bata wa mtu. Alikaza shali kifuani, akaingia katikati yao, akiwa peke yake kabisa, akatembea.